Valvu ya mitrali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi: puto, ukarabati, valvu ya tishu au valvu ya chuma?

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mgonjwa, mzazi au ndugu ambaye ameshaelezwa na madaktari kwamba valvu ya mitrali, ile iliyo kati ya chumba cha juu na chumba cha chini upande wa kushoto wa moyo, haiwezi tena kusaidiwa na vidonge peke yake, na sasa anatakiwa kushiriki katika uamuzi. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, chanzo kikubwa cha uharibifu huo kwa vijana ni homa ya baridi yabisi. Ugonjwa huanza utotoni kwa maambukizi ya koo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoki, kisha kinga ya mwili huugeukia moyo wenyewe, na baada ya miaka valvu hubaki na makovu: ama imebana hata damu haipiti vizuri, ama haifungi hata damu inarudi nyuma, ama yote mawili kwa pamoja.

Njia zinazozungumziwa hapa ni nne: kupanua valvu kwa puto, kuikarabati valvu ya asili kwa upasuaji, kuweka valvu ya tishu ya mnyama, na kuweka valvu ya chuma. Si kila mgonjwa ana nafasi ya kuchagua kati ya zote nne, kwa kuwa umbo la valvu kama linavyoonekana kwenye kipimo cha eko (picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti) huondoa baadhi yake mapema. Hata hivyo, mara nyingi hubaki angalau mbili, na hapo ndipo familia nyingi hukwama.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni muda ambao tiba hudumu kabla ya kuhitaji kurudiwa. Cha pili ni dawa ya kuzuia damu kuganda: kama itahitajika, kwa muda gani, na kama kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani, kinapatikana karibu na anakoishi mgonjwa. Cha tatu ni ujauzito, kwa sababu wagonjwa wengi ni wanawake wa umri wa kuzaa. Cha nne ni uzito wa operesheni yenyewe na mahali inapofanyika. Cha tano, ambacho watu wengi hukiruka, ni ushahidi: utafiti unaotajwa kuiunga mkono njia fulani uliwafuatilia watu wa aina gani?

Nianze na hicho cha tano, kwa kuwa kinabadilisha namna ya kuvisoma vingine vyote.

Tafiti ziliwafuatilia akina nani

Majaribio mawili ya zamani yaliyowapanga wagonjwa kwa kura kati ya valvu ya chuma na valvu ya tishu yanatajwa hadi leo. La kwanza lilifanyika katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani. Liliwaandikisha wagonjwa 575 kati ya mwaka 1977 na 1982, na matokeo ya miaka 15 yakachapishwa mwaka 2000. La pili lilifanyika Edinburgh, Uskoti, likiwa na wagonjwa 541, na matokeo ya miaka 20 yakatoka mwaka 2003. Yote mawili yalionyesha jambo ambalo halijabadilika: valvu ya chuma huleta damu nyingi zaidi za kutoka ovyo, na valvu ya tishu huleta operesheni nyingi zaidi za kurudia. Kwa upande wa valvu ya mitrali, jaribio la Marekani halikuona tofauti ya maana ya vifo baada ya miaka 15. Lakini wagonjwa wake wote walikuwa wanaume. Swali la ujauzito halikuwa na mahali pa kuulizwa.

Mwaka 2017 ulitoka uchambuzi mkubwa kutoka jimbo la California, uliotumia kumbukumbu za hospitali za kuanzia mwaka 1996 hadi 2013, zikiwemo za wagonjwa zaidi ya 15,000 waliobadilishiwa valvu ya mitrali. Ulionyesha kwamba waliowekewa ya chuma waliishi zaidi, na kwamba faida hiyo iliendelea kuonekana hadi umri wa miaka 70. Ni utafiti mzito, na ni halali daktari kuutaja. Ila hapakuwa na kura, na kundi la vijana kuliko wote katika uchambuzi wa mitrali lilikuwa la miaka 40 hadi 49.

Sasa weka pembeni yake utafiti uitwao REMEDY, uliochapishwa mwaka 2015, ambao uliwaandikisha wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huu huu katika nchi 14, Kenya, Uganda na Rwanda zikiwemo. Nusu ya wagonjwa hao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo, na takribani theluthi mbili walikuwa wanawake. Katika wale walioandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, ni asilimia 28.3 tu waliokuwa na INR katika kiwango kinachotakiwa.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoomba msomaji aishike. Miongozo ya Ulaya na ya Marekani huelekea kupendekeza valvu ya chuma kwa mtu wa chini ya miaka 65 anayehitaji valvu mpya ya mitrali, lakini pendekezo hilo limejengwa juu ya mgonjwa ambaye INR yake inapimwa kwa wakati na dozi yake inarekebishwa. Pale ambapo sharti hilo halipo, umri peke yake hauwezi kuamua. Kwa maoni yangu, katika mazingira yetu swali la dawa na kipimo liulizwe kabla ya swali la umri.

Kupanua valvu kwa puto

Njia hii iliwekwa wazi mwaka 1984 na daktari wa Japani, Kanji Inoue. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, ukatobolewa ukuta mwembamba unaotenganisha vyumba viwili vya juu, kisha puto likajazwa katikati ya valvu iliyobana ili kuzitenganisha kingo zilizoshikana. Kifua hakifunguliwi, na mgonjwa kwa kawaida hulala wodini muda mfupi.

Kudumu kwake kunategemea hali ya valvu kabla ya kazi. Madaktari hutumia alama za Wilkins za mwaka 1988, ambazo hupima unene, ugumu, chokaa na hali ya nyuzi zinazoishikilia valvu. Alama 8 kati ya 16 au pungufu huashiria matokeo mazuri. Valvu inaweza kubana tena baada ya miaka, na wakati mwingine puto hurudiwa. Dawa ya kuzuia damu kuganda haihitajiki kwa sababu ya puto lenyewe, isipokuwa mapigo ya moyo yamekwisha kuwa ya ovyo. Kuhusu ujauzito, njia hii ina faida ya pekee: inaweza kufanywa hata kwa mama aliye mjamzito ambaye pumzi imemwishia na dawa hazitoshi, tumbo likikingwa dhidi ya mionzi. Hatari yake kubwa ni valvu kuchanika na kuanza kuvujisha sana, hali inayoweza kulazimisha upasuaji wa haraka. Kwa hiyo ni busara kuifanya mahali ambapo timu ya upasuaji iko tayari.

Ushahidi wake una mizizi Afrika. Huko Monastir, Tunisia, Mohamed Ben Farhat na wenzake waliwapanga kwa kura wagonjwa 90 kati ya puto, upasuaji wa kufungua moyo na upasuaji wa zamani uliofanywa bila kuuona ndani, wakawafuatilia kwa miaka saba na kuchapisha matokeo mwaka 1998. Puto lilifanya vizuri sawa na upasuaji wa kufungua moyo, na njia ya zamani ikaachwa nyuma na zote mbili.

Inamfaa mwenye valvu iliyobana bila kuvuja sana, ambayo bado ni laini, na asiye na donge la damu katika chumba cha juu cha kushoto. Haimfai ambaye tatizo lake kuu ni kuvuja.

Kukarabati valvu ya asili

Hapa kifua hufunguliwa, mashine ya moyo na mapafu ikachukua kazi, na daktari akaitengeneza valvu ile ile: hutenganisha kingo zilizoshikana, hupunguza unene, huongeza kipande cha utando pale ambapo jani la valvu, yaani kipande kinachofunguka na kufunga, limesinyaa, na mara nyingi hushona pete ya kuishikilia isitanuke. Mfaransa Alain Carpentier ndiye aliyeupa ukarabati huu utaratibu wake wa kisasa.

Kwa kudumu, takwimu zinazofaa zaidi kwetu zimetoka katika timu hiyo hiyo ya Paris, ambayo mwaka 2001 ilieleza wagonjwa 951 wa valvu za mitrali zilizokuwa zikivuja kwa sababu ya homa ya baridi yabisi, wengi wao wakiwa vijana. Baada ya miaka 10, asilimia 82 walikuwa hawajahitaji operesheni ya pili. Baada ya miaka 20, asilimia 55. Maana yake ni kwamba ukarabati wa valvu ya aina hii si wa milele, na anayeahidiwa umilele ameahidiwa zaidi ya ushahidi. Hata hivyo miaka 10 au 15 bila warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda inayohitaji kupimwa INR, kwa msichana wa miaka 17, ni miaka ya masomo, ndoa na uzazi.

Dawa ya kuzuia damu kuganda hutolewa kwa muda mfupi baada ya operesheni, kisha ikaachwa iwapo mapigo ya moyo ni ya kawaida. Ujauzito huwa salama zaidi kuliko kwa mwenye valvu ya chuma. Ugumu wa njia hii uko kwa mpasuaji: makovu ya homa ya baridi yabisi ni magumu kuyatengeneza kuliko valvu iliyolegea kwa uzee, operesheni huchukua muda mrefu zaidi, na si kila kituo kina mtu aliyefanya nyingi. Iwapo homa yenyewe bado inaendelea kuushambulia moyo, uwezekano wa ukarabati kushindwa huongezeka. Ushahidi wenyewe kwa kiasi kikubwa ni wa vituo vyenye uzoefu mkubwa, na matokeo ya Paris hayapaswi kunakiliwa tu na kupewa kila chumba cha upasuaji. Ni haki ya mgonjwa kumuuliza daktari kwa heshima: hapa mmeshakarabati valvu ngapi za homa ya baridi yabisi, na ngapi zimerudi?

Inawafaa zaidi watoto na vijana, wanawake wanaotarajia kuzaa, na wanaoishi mbali na kipimo, ili mradi valvu yao inakarabatika na mpasuaji anaijua kazi hiyo.

Valvu ya tishu

Valvu hizi hutengenezwa kwa valvu ya moyo wa nguruwe au kwa utando unaouzunguka moyo wa ng'ombe, ambao hutibiwa kwa kemikali ili mwili usiukatae. Msomaji Mwislamu anayesitasita kuhusu nguruwe ajue kwamba za ng'ombe zipo, na jambo hilo lisemwe kliniki mapema, si asubuhi ya operesheni.

Udhaifu wake ni kudumu. Kwa mzee, valvu ya tishu inaweza kumfikisha mwisho wa safari bila kuguswa tena. Kwa kijana hali ni kinyume: kadiri mgonjwa alivyo mdogo ndivyo chokaa inavyoila haraka, na mahali pa mitrali huchakaa upesi kuliko mahali pa aota, yaani valvu ya mlango wa kutokea damu kwenda mwilini. Kijana anayeichagua anapaswa kuelewa kwamba amechagua pia operesheni ya pili, pengine ndani ya miaka 10 hadi 15 na wakati mwingine mapema zaidi. Operesheni hiyo ya pili huwa nzito kuliko ya kwanza, kwa kuwa moyo umeshikamana na kifua kwa makovu, na inakuwa ya hatari zaidi mgonjwa akichelewa hadi miguu imevimba na mapafu yamejaa maji. Siku hizi valvu mpya inaweza kuingizwa ndani ya ile iliyochakaa kwa njia ya mrija, lakini ni teknolojia ya bei kubwa, na si vyema kupanga maisha ya kijana juu yake.

Faida yake ni dawa. Kwa kawaida warfarini hutumika kwa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, kisha huachwa kama mapigo ni ya kawaida. Sharti hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu wengi wenye ugonjwa wa mitrali wa muda mrefu huwa tayari wana mapigo ya ovyo, na hao watahitaji kuendelea na dawa hata wakiwekewa valvu ya tishu. Kwao kuna habari njema kiasi: jaribio la Brazil lililochapishwa mwaka 2020, likiwa na wagonjwa 1,005 wenye valvu ya tishu ya mitrali na mapigo ya ovyo, lilionyesha kwamba rivaroksabani, isiyohitaji kupimwa INR, haikuwa duni kuliko warfarini katika kipindi cha mwaka mmoja.

Kwa ujauzito, takwimu zilizochapishwa mwaka 2015 kutoka katika daftari la kimataifa la wajawazito wenye ugonjwa wa moyo ziko wazi: asilimia 79 ya wenye valvu ya tishu walipita ujauzito na kujifungua bila tatizo kubwa, wakati kwa wenye valvu ya chuma ilikuwa asilimia 58.

Inamfaa mtu wa umri mkubwa, mwanamke anayetaka watoto na ambaye valvu yake haikarabatiki, na yeyote asiyeweza kufuatilia INR, iwapo tu ana kituo cha kumfanyia operesheni ya pili wakati ukifika.

Valvu ya chuma

Watu huiita ya chuma, ingawa majani yake mawili yanayofunguka na kufunga hutengenezwa kwa kaboni ngumu. Katika chumba kimya usiku, mwenye nayo huisikia ikigonga kifuani. Wengi huzoea, wachache husumbuka, na ni afadhali kuambiwa kabla.

Kwa kudumu haina mpinzani. Chombo chenyewe kinaweza kuishi kuliko mwenye nacho, na sababu ya kurudi chumba cha upasuaji huwa mara nyingi ni donge la damu, maambukizi au nyama kuota pembeni, wala si kuchakaa. Gharama ya uimara huo ni warfarini kila siku maisha yote, INR ikilengwa kuwa 3, yaani kati ya 2.5 na 3.5 kwa valvu ya mitrali. Ikishuka, damu huweza kuganda kwenye valvu na kuleta kiharusi. Ikipanda sana, damu hutoka ndani ya tumbo au ubongo.

Tuitazame hali hiyo kwa karibu, maana ndiyo maisha yenyewe. Mgonjwa hubeba kadi yake ya INR, hutolewa damu, huambiwa mathalani ameze kidonge kimoja leo na nusu kesho, akarudi tena baada ya wiki chache. Akila mchicha, kisamvu au sukuma wiki si kosa, bali kiasi kisibadilike ghafla, kwa sababu vitamini K iliyomo huipunguza nguvu dawa. Akiumwa tumbo na kununua metronidazo duka la dawa la mtaani, au akipewa septrini, INR inaweza kuruka juu. Akianza matibabu ya kifua kikuu yenye rifampisini, itashuka na dozi italazimika kupandishwa. Diklofenaki ya maumivu ya mgongo humwongezea hatari ya kuvuja damu. Hakuna hata moja kati ya haya lisilowezekana kudhibitiwa, lakini linahitaji kliniki inayofikika na nauli ya kufika huko.

Wanaotarajia vidonge vipya visivyohitaji INR wajue kwamba hadi sasa majaribio yamewakatisha tamaa. Jaribio la dabigatrani kwa wenye valvu za chuma lilisimamishwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013 yakionyesha viharusi na damu kutoka zaidi; la apiksabani nalo lilisitishwa mwaka 2022. Mwaka huo huo, jaribio la INVICTUS lililohusu wagonjwa zaidi ya 4,500 wa homa ya baridi yabisi wenye mapigo ya ovyo, tena bila valvu ya chuma, lilionyesha vifo vichache zaidi kwa waliotumia dawa za aina ya warfarini kuliko waliopewa rivaroksabani.

Ujauzito ndio mtihani wake mkubwa. Warfarini huvuka hadi kwa mtoto na inaweza kumdhuru, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na hatari ni ndogo zaidi pale dozi ya mama isipozidi miligramu 5 kwa siku. Heparini ya sindano, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, haimfikii mtoto, lakini humwacha mama katika hatari kubwa zaidi ya valvu kuziba asipofuatiliwa kwa karibu sana. Mwenye valvu hii anapaswa kuonana na daktari wa moyo kabla ya kushika mimba, na akishachelewa hedhi aende siku hiyo hiyo, bila kuiacha dawa kwa uamuzi wake.

Inamfaa aliye na umri wa kati au kijana asiyetarajia ujauzito, mwenye mapigo ya ovyo ambaye warfarini ataitumia kwa vyovyote, anayeishi karibu na kipimo, na ambaye operesheni ya pili kwake ni hatari kubwa au haiwezekani kwa gharama.

Kwa hali ya kila mmoja

Mama mwenye miaka 24 ambaye valvu imebana na bado ni laini aulize kwanza kuhusu puto, hata kama kituo kilicho karibu hakilifanyi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na Taasisi ya Moyo ya Uganda, Kampala, ni mahali ambapo swali hilo linaweza kujibiwa. Kenya, Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet imejijengea jina katika upasuaji wa valvu.

Mtoto au kijana ambaye valvu inavuja atafutiwe mpasuaji wa kukarabati kabla ya kukubali kubadilishiwa, ilimradi kusubiri kusiwe kwa miezi mingi huku moyo ukitanuka. Valvu iliyobadilishwa kwa wakati ni bora kuliko ukarabati uliosubiriwa hadi moyo umechoka.

Mwanamume wa miaka 45 mjini, mwenye mapigo ya ovyo na kliniki ya INR umbali wa daladala moja, hana sababu kubwa ya kuikwepa valvu ya chuma. Mwenzake wa umri huo huo anayeishi mahali ambapo kipimo kiko safari ya siku nzima ana sababu nzuri ya kuijadili ya tishu, akijua deni la operesheni ya pili. Mwenye miaka 70 na mapigo ya kawaida, kwa kawaida ya tishu humtosha.

Kwa njia zote nne, sindano za penisilini za kila wiki tatu au nne haziachwi kwa sababu tu valvu imetengenezwa au imebadilishwa. Muda wake huamuliwa na daktari, kwani homa ikirudi huweza kuharibu ukarabati na hata valvu nyingine ambayo haikuguswa. Aliyewekewa valvu au pete amwambie daktari wa meno kabla ya kung'oa jino, ili apewe antibiotiki ya kinga.

Jambo la kukubaliana kabla ya kusaini fomu ni mpango wa pili. Mara nyingi mpasuaji huingia akikusudia kukarabati, akafungua na kukuta makovu hayakubali, na uamuzi kati ya chuma na tishu ukabidi ufanyike mgonjwa akiwa amelala. Kwa hiyo siku ya kliniki, mgonjwa aseme kwa kinywa chake, na iandikwe kwenye faili: ukarabati ukishindikana, niwekewe ipi, na kwa sababu gani.